Mashine Mbili, Transfoma Moja

Ugomvi wa Eduviges na wifi yake Otilia ulianza kwa ndoo ya mahindi. Kabla ya hapo walikuwa hawapendani tu, na hilo halikumshangaza mtu, maana wifi ni wifi.

Otilia ndiye pekee aliyekuwa na mashine ya kusaga hapa Loma Capulín. Baba yao alipokufa, kaka yake, Crisóforo, alichukua shamba la bondeni, yeye akachukua mashine. Huyo Crisóforo ndiye mume wa Eduviges. Kila alfajiri tulipanga foleni kwa Otilia na ndoo zetu za mahindi tuliyoyachemsha kwa chokaa jana yake. Mahindi yakishachemshwa hivyo hayangoji. Usiposaga asubuhi hakuna donge, bila donge hakuna tortilla, chapati zetu za mahindi, na bila tortilla nyumba nzima inakukodolea macho. Otilia alilijua hilo vizuri. Alifungua alipotaka, akafunga alipotaka, na aliyemjibu vibaya alisagiwa wa mwisho.

Asubuhi ya ugomvi alitumbukiza mkono katika ndoo ya Eduviges, akanusa vidole, akatangaza kwa sauti ya kufika barabarani:

"Haya hayajaoshwa. Chokaa tupu! Wifi, hivi kaka yangu unamlisha, au unampaka kama ukuta?"

Foleni nzima ilicheka.

"Wewe saga," alisema Eduviges. "Tumbo ni la mume wangu."

"Tumbo la mumeo, mawe ya mashine yangu. Kaoshe, halafu urudi."

Hakurudi. Alikwenda nyumbani akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia la bibi yake, akasaga kwa mikono mpaka jua likapanda juu ya kanisa. Crisóforo alikula chakula cha asubuhi mchana na hakuuliza kitu. Ana akili kuliko anavyoonekana.

Jioni Eduviges alikuja kwangu, mikono imemvimba.

"Domitila, tununue mashine yetu."

"Sisi na nani?"

"Wote waliocheka leo. Kesho watachekwa wao."

Tukapatikana wanawake sita. Mjini kulikuwa na duka la tortilla lililokuwa linafungwa, mwenyewe anauza mashine. Tulikwenda, tukaiona ikizunguka kwa macho yetu, ikisaga debe zima kabla hatujamaliza kupanguza miwani. Tukainunua. Lori likaipandisha mlimani, Crisóforo na wanaume wengine wakaishusha huku wakiguna, na tukamwita Ubaldo, fundi wa mota kutoka mjini, aje aiunganishe.

Ubaldo alifungua mfuniko wa mota, akachungulia, akaufunga tena. Akajifuta mikono ingawa haikuwa imechafuka.

"Akina mama, hii mota ni ya umeme wa njia tatu."

"Na sisi tuna wa njia ngapi?" nikauliza.

"Njia moja." Akanyoosha kidole kwenye nguzo. "Mjini wana tatu, ndiyo maana mliiona inazunguka. Hapa itatetemeka, itanguruma, halafu itaungua."

"Basi watu wa umeme watuletee hizo zilizobaki," alisema Eduviges.

"Waombeni. Kutoka kule chini mpaka hapa, nguzo kwa nguzo, na gharama ni yenu. Mkianza leo, wajukuu zenu watawasha taa."

Habari ilimfikia Otilia kabla Ubaldo hajamaliza kushuka mlima. Kesho yake foleni nzima ilimsikia:

"Nasikia wifi yangu amenunua kiti cha chuma. Vizuri. Miguu ilikuwa inamuuma."

Siku hiyo nilimkuta Eduviges ameketi juu ya mashine kweli, ndani ya banda tulilolisafisha sisi wenyewe. Hakuwa analia, lakini macho yalikuwa mekundu. Niliketi kando yake.

Jumapili, baada ya misa, Ubaldo alirudi bila kuitwa. Alikuwa amefikiri. Kuna chombo, alisema, kinaitwa variador, kisanduku cha kufunga ukutani. Amekwisha kuvifunga kwenye pampu za maji, ingawa ndogo kuliko mota yetu.

"Kinafanya nini?" aliuliza Eduviges.

"Unakipa umeme wa njia moja. Kinausaga."

"Usinifanyie mzaha, mwanangu."

"Si mzaha, mama. Kinauvunja, unakuwa kama wa betri, kinauweka akiba kidogo tumboni, halafu kinautoa upande wa pili umesukwa upya, njia tatu. Na kasi unaamua wewe. Kuna kitufe cha kuzungusha."

Tukatazamana. Akaongeza kwamba kisanduku chenyewe kiwe cha mota kubwa mara mbili ya yetu.

"Mara mbili!" alisema Eduviges. "Ndiyo kumnunulia mtoto viatu vya baba yake?"

"Mama, gunia linalobebwa na watu watatu, ukimpa mmoja alibebe peke yake, gunia limepungua uzito?"

"Halijapungua."

"Basi. Umeme wote wa mota utaingia kwa mlango mmoja badala ya mitatu. Kisanduku kidogo kitaungua mlangoni. Waya wa kuingilia pia uwe mnene, na breka kubwa ya kukata umeme. Mkitaka cha ukubwa sawa na mota, tafuteni fundi mwingine, mimi sitaki kulaaniwa."

Tuliuza nguruwe, tukaandaa mnada wa mikate, tukakipata.

Siku ya kukiwasha banda lilijaa. Ubaldo alifunga nyaya mbili upande wa kuingilia, ya kwenda na ya kurudi, tatu upande wa mota, waya wa ardhini akaufunga kwa makini kuliko zote, kisha akawasha. Kisanduku kikaonyesha herufi nyekundu, kikakataa.

"Kimekufa?" aliuliza mtu mlangoni.

"Kinalalamika. Kimehesabu matundu matatu ya nyaya za kuingilia, kimekuta moja halina mtu." Ubaldo alibonyeza vitufe huku akisoma kijitabu chenye herufi ndogo kama chawa. "Nakiambia kwamba hayupo na hatakuja."

Akawasha tena. Mota haikuruka wala kunguruma. Mawe yalianza kuzunguka polepole, kama mtu anayeamka siku ya sikukuu, yakaongeza mwendo, yakaongeza, mpaka yakawa yanavuma. Eduviges alijifunika mdomo kwa shali.

Ubaldo alituachia masharti mawili. Kuwasha na kuzima ni kwenye kisanduku, asije mtu akafunga swichi kati yake na mota. Na mawe yasikazwe kabla hayajashika mwendo. Hayo tuliyashika. La kasi tulijifunza wenyewe: kwa kasi ya juu donge lilitoka la moto, linanukia kuungua. Eduviges akazungusha kitufe kurudi nyuma kidogo kidogo, akionja kila mara, mpaka likatoka la baridi na laini kama shavu la mtoto. Habari ya donge hilo ilienea. Wateja waliokuwa wachache wakaongezeka, foleni ya Otilia ikawa fupi, yetu ikazunguka banda.

Hapo ndipo mashine ilipoanza kutufia.

Ilikuwa kila asubuhi, mawe yakiwa yameshiba mahindi. Ng'ambo ya uwanja tulisikia mota ya Otilia inaamka kwa ngurumo. Taa yetu ilififia, kisanduku kikatoa herufi, mawe yakasimama na donge katikati. Lazima uyalegeze, uchokonoe, uanze upya, foleni ikikutazama. Dakika chache baadaye Otilia alizima, akawasha tena, na yetu ikafa tena.

"Makusudi hayo," walisema wanawake.

Siku moja ilipozima kwa mara ya tatu, Eduviges alitoka na donge mikononi, akavuka uwanja. Nilimfuata. Crisóforo alitufuata sote wawili, akiwa amebaki nyuma kidogo kama mtu anayekwenda mazishi ya jirani.

"Wifi, una roho mbaya," alisema Eduviges mlangoni.

"Na wewe umeamkaje?" alijibu Otilia bila kugeuka.

"Kila tukianza kusaga, unawasha."

"Nawasha alfajiri tangu wewe hujui kufunga shali. Sasa nije kwako na kofia mkononi, niombe ruhusa?"

"Unatuzimia mashine!"

"Mkono wangu unavuka uwanja, eti?" Sasa Otilia aligeuka. "Ngoja na mimi nikwambie. Tangu mkiwashe hicho kiti chenu, mota yangu haiamki. Inalia kama punda mwenye njaa kabla haijazunguka. Juzi imetoa harufu ya moshi. Nani kamroga mwenzake hapa?"

"Jamani," alianza Crisóforo, "nyinyi wote..."

"Nyamaza!" walisema pamoja. Asubuhi hiyo hawakukubaliana kwa lingine.

Wiki hiyohiyo mota ya Otilia iliungua. Tuliona moshi ukitoka dirishani, mweusi, na Otilia akitoka nao, uso umejaa masizi, akasimama katikati ya uwanja na ndoo ya maji ambayo hakuimwaga. Wanawake walisema Mungu ameona. Kijiji kizima kilihamia kwetu. Na mashine yetu haikuzima tena, hata mara moja.

Nilidhani Eduviges atafurahi. Lakini kadiri siku zilivyopita na mawe yakizunguka bila kusita, ndivyo alivyozidi kunyamaza. Tulipokuwa tunaosha mawe akaniambia:

"Domitila, kama yake ilikuwa inaiua yetu, basi yetu nayo ilikuwa inaifanya nini yake?"

Nilimwaga maji machafu, nikachota mengine.

Siku iliyofuata Crisóforo alikuja na ndoo mbili badala ya moja. Eduviges aliiinamia ile ya pili, ya bluu. Mahindi yalikuwa yameoshwa mpaka yanang'aa, hakuna ganda hata moja.

"Haya ya nani?"

"Yetu," alisema Crisóforo. "Siku hizi nina njaa."

"Sijawahi kuosha mahindi namna hii tangu unioe."

Crisóforo alitazama paa. Eduviges aliyamimina, akayasaga taratibu, akalifunika donge kwa kitambaa safi.

"Mpelekee dada yako kabla halijakauka," alisema. "Usiseme kitu."

Kisha akamwita Ubaldo, akamtaka apime umeme, si kwetu tu. Ubaldo alipima kwetu tukiwa tunasaga na tukiwa tumezima, akapima nguzoni, akaenda kwa Otilia kutazama mabaki. Alirudi akaketi juu ya debe.

"Hakuna mchawi. Transfoma ni moja, ndogo, na iko mwisho wa waya mrefu. Mota ya Bi Otilia ikiamka inavuta mara tano au sita ya inavyovuta ikishazunguka. Umeme wa kijiji chote unazama. Kisanduku chenu kinaona umezama, kinajizima kujiokoa."

"Na yake?"

"Nyinyi mkiwa mnasaga, umeme umeshashuka kabla yeye hajagusa swichi. Mota inajaribu kuamka, inakosa nguvu, inabaki inavuta tu na kupata moto. Siku moja ikachoka."

"Kwa hiyo tumeiunguza sisi," alisema Eduviges.

"Nyinyi, na yeye, na urefu wa huu mlima."

Dawa, alisema, ni Otilia asiisuke upya ile mota. Atafute ya njia tatu na kisanduku chake, iamke polepole bila kupigia mtu kelele. Kwa kuwa mashine yake ni ndogo, transfoma ingezibeba zote mbili.

"Kamwambie," alisema Eduviges.

"Mimi? Mama, mimi fundi wa mota, si wa mawifi."

Pengine Eduviges angelikawia kwenda, lakini mawe yetu yalikuwa yamekwisha makali. Yalikuwa yanasaga mahindi ya kijiji kizima, na donge lilitoka lenye chenga. Sikukuu ya mtakatifu wetu ilikuwa inakaribia, na hakuna anayefunga tamale kwenye maganda ya mahindi kwa donge la chenga akabaki na jina. Mawe ya mashine lazima yachongwe upya kwa patasi, mifereji itoke katikati kwenda ukingoni, na mtu mmoja tu hapa kwetu alijua kuichonga. Alifundishwa na baba yake.

Tulimkuta Otilia jikoni, ameshapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Hakuinuka.

"Nimekuja na mambo mawili," alisema Eduviges. "Moja la kuomba, moja la kusema."

"Anza na la kuomba, nikukatalie mapema."

"Mawe yetu yamekufa."

"Najua. Donge ninaloletewa na Crisóforo limenikwaruza meno yote."

"Kumbe ulijua kwamba najua mahindi ni yako?"

"Kaka yangu? Yule hawezi kuficha hata chafya." Alipiga tortilla kati ya viganja, akaitandaza juu ya kikaango. "La pili?"

Eduviges alisogea karibu. "Mota yako tumeiunguza sisi. Si peke yetu. Lakini na sisi tumo."

Otilia aligeuza tortilla kwa ncha za vidole. Ilivimba, ikatulia. Nilimwona akipepesa macho, na moshi haukuwa upande wake.

"Fundi ndiye kakwambia?"

"Fundi kanieleza. Mwenyewe nilijua kabla."

"Siku ile mota ilipoungua," alisema Otilia, "nilisimama pale uwanjani, nikakuona mlangoni kwenu. Nilingoja ucheke."

"Sikucheka."

"Nilikuona." Akaitoa tortilla, akainyunyizia chumvi, akaikunja, akampa. "Lakini mahindi yako yalikuwa machafu, wifi."

"Yalikuwa machafu," alisema Eduviges, akala.

Otilia alikuja na patasi za baba yake, akatufukuza bandani isipokuwa mtu wa kumshikia taa. Alichonga siku nzima, tak, tak, tak, vumbi jeupe likimkaa kwenye nyusi. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya mawe kama anayempapasa farasi, akaamuru yafungwe. Kisha akakiendea kile kisanduku, akakitazama kwa dharau ya muda mrefu, akakiwasha mwenyewe. Mawe yakaanza taratibu.

"Mbona hakipigi kelele?"

"Ndivyo kilivyo," nilisema.

Alizungusha kitufe mbele, nyuma, mbele tena, akisikiliza. Nilimwambia kuhusu mota ya njia tatu na dawa ya Ubaldo, kwa kuwa Eduviges alikuwa amenikanyaga mguu niseme. Otilia akajibu kwamba atafikiri, na kwamba Ubaldo ni mwizi kama mafundi wote, na je, kisanduku cha mashine yake kinapatikana wapi?

Sikukuu tulisaga kuanzia giza la alfajiri, wote pamoja, Otilia akisimamia mdomo wa mashine na kutukana kila ndoo iliyomfikia. Hakuna aliyenuna. Watu walikuwa wamemkumbuka.

Ilichukua mpaka baada ya mavuno mota yake kupatikana. Ubaldo alikuja akaifunga, kisha akatutaka sisi tusage kama kawaida, kwa nguvu zote, ili ajue. Tukajaza mashine mahindi mpaka mdomoni. Yeye alibaki kwa Otilia. Eduviges alisimama kando ya kisanduku chetu, kidole karibu na kitufe cha kuzima, macho kwenye taa ya dari. Donge lilikuwa linatoka, linaanguka bakulini, linatoka. Tulingoja ngurumo.

"Mbona anachelewa?" alisema Eduviges. "Domitila, nenda kawaambie wawashe, mahindi yanaisha."

Nilivuka uwanja. Mlango wa Otilia ulikuwa wazi. Alikuwa amejaa donge mpaka viwikoni, mashine inazunguka, ndoo ya kwanza imekwisha tayari, na Ubaldo amekaa kwenye gunia anakula tortilla ya moto.

Nilirudi mbio.

"Wamesemaje?" aliuliza Eduviges. "Hajawasha?"

"Ameshawasha," nilisema. "Anasaga tangu tulipoanza."

Eduviges aliitazama taa. Ilikuwa inawaka vilevile. Akaondoa kidole kwenye kitufe, akajifuta mikono kwenye aproni, akapokea ndoo iliyofuata.